Tohara ya Wanawake na Kitanda cha Uzazi

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mtashangaa kusoma kichwa cha habari hii. Mtasema: Jambo hili si letu. Hapa Rumangabo, na katika teritwari yetu ya Rutshuru, wasichana hawatahiriwi. Ya nini makatekista kutuletea habari za makabila mengine? Swali hilo ni la haki, nasi tumekwisha kuulizwa na akina mama wa shirika letu.

Jibu letu ni hili. Rumangabo yetu iko juu ya barabara kuu itokayo Goma kwenda Rutshuru. Hapa pana makao makuu ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kambi ya askari ya tangu zamani. Kwa sababu hiyo watu wa pande nyingi wamefika kwetu na kukaa kwetu. Tena mpaka wa Bunagana hauko mbali, na watoto wetu huuvuka kwenda kufanya kazi Kampala, Nairobi, hata Mombasa. Huko huoa na kuolewa. Desturi ya jirani leo yaweza kuwa jambo la mkwe wako kesho.

Lakini iko sababu kubwa zaidi. Historia ya tohara ya wanawake ni historia ya akina mama walioteseka kitandani mwa uzazi miaka mingi, na watu waliowazunguka wakatafuta sababu kila mahali isipokuwa pale ilipokuwa. Kosa hilo si la kabila moja. Hata sisi tunalijua.

Na tuseme wazi mara moja, ili tusirudie. Tohara ya wanawake, ambayo siku hizi huitwa ukeketaji, si sawa na tohara ya wanaume. Wanaume hukatwa ngozi tu. Mwanamke hukatwa viungo vyenyewe. Shirika la Afya Duniani huitaja kwa aina nne. Ya kwanza ni kukata kisimi, chote au sehemu yake. Ya pili ni kukata pia mashavu madogo ya uke. Ya tatu ndiyo kali kuliko zote: huko kingo za jeraha huunganishwa, hata pakabaki tundu dogo tu. Aina hiyo yaonekana hasa kwa Wasomali na jirani zao, na katika nchi ya Sudani. Ya nne ni kuchoma, kutoboa, kukwangua na madhara mengine ya namna hiyo. Mwaka 2024 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto lilikadiria kuwa wanawake na wasichana zaidi ya milioni 230 walio hai wamefanyiwa jambo hili. Wengi wao wako katika Afrika yetu.

Sasa, kovu la utotoni lina shughuli gani na mtoto atakayezaliwa miaka kumi au ishirini baadaye? Kila mkunga ajua kuwa saa ya kuzaa njia ya mtoto hutanuka. Mungu aliiumba nyama ya mahali pale iwe laini, ivutike, kisha irudi. Lakini kovu halivutiki. Ni gumu kama ngozi iliyokauka juani. Kichwa cha mtoto hufika mlangoni, kikasimama. Mama husukuma, nguvu zikamwishia. Mwisho kovu hupasuka, na mpasuko haufuati njia nzuri: waweza kwenda mbele au nyuma, na damu humwagika nyingi. Ikiwa mama ameshonwa, mtoto hana pa kutokea mpaka mtu mwenye ujuzi amfungue. Na muda huo wote mtoto yumo njiani akibanwa, hewa ikimpungukia. Mtoto wa namna hiyo huzaliwa amelegea, asilie. Pasipo mtu wa kumsaidia kupumua mara moja, hufa, au huishi na ubongo ulioumia.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Tuitazame nchi ya Kenya, maana huko ndiko historia yake ilikoandikwa vizuri. Misioni ya Kiskoti iliyokuwa mahali paitwapo Kikuyu ilikuwa na hospitali, nayo ilianza kufundisha juu ya hatari ya desturi hii tangu mwaka 1906. Madaktari wake, mmoja wao akiwa Daktari John Arthur, waliona kwa macho yao wanawake walioletwa wakiwa taabani katika uzazi wa kwanza, wana makovu. Katikati ya miaka ya 1920 hata mabaraza ya wenyeji ya Embu na Meru yalipitisha maazimio ya kupunguza ukali wa ukataji, na kutaka mangariba waandikishwe. Basi yaonekana neno lilikuwa limeanza kusikika.

Ndipo ukaja mwaka 1929. Misioni ya Kiskoti, na misioni nyingine za Kiprotestanti pamoja nayo, zikataka walimu na waumini waikane tohara ya wasichana kwa kutia sahihi au alama ya kidole. Asiyekubali alitengwa na kanisa, na mwalimu aliachishwa kazi. Desemba ya mwaka huohuo jambo lilizungumzwa hata katika Bunge la Uingereza, na wabunge wawili wanawake, Duchess of Atholl na Eleanor Rathbone, wakaeleza mateso ya akina mama wanaozaa.

Matokeo yake yalikuwa nini? Wagikuyu walikwisha kunyang'anywa ardhi nyingi na walowezi. Walipoona wageni haohao wanataka kushika na miili ya binti zao, walisema: Baada ya mashamba, sasa hata kabila lenyewe litakwisha. Maelfu waliyaacha makanisa. Wakaanzisha shule zao na makanisa yao. Wimbo wa kuwadhihaki wamisionari ukaenea nchi nzima, hata serikali ikaupiga marufuku. Januari 1930 mmisionari mmoja Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa nyumbani mwake Kijabe. Na mwaka 1938 Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya, alitoa kitabu kilichoitetea desturi hiyo kuwa nguzo ya umoja wa kabila.

Hivyo habari ya mama na mtoto ikapotea kabisa katika ugomvi. Watu walibishana juu ya ardhi, utawala na kanisa. Mwanamke aliyelala mkekani siku ya tatu ya uchungu hakuulizwa na upande wowote.

Na sisi Wakatoliki je? Yatupasa kusema kweli. Misioni zetu huko Ugikuyuni hazikudai kiapo kile. Ziliiona tohara kuwa desturi ya kabila, si jambo la imani, zikanyamaza. Mtu aweza kusema zilikuwa na busara, maana hazikuvunja nyumba za watu kwa amri. Ndiyo, lakini kunyamaza si sawa na kufundisha kwa upole. Waliokataa kutoa amri wangaliweza kusaidia kwa njia nyingine: kuwaita akina mama, kuwaeleza wakunga, kuwasikiliza wasichana. Hatuwahukumu waliotutangulia, maana hata sisi yako mengi tunayoyanyamazia leo. Ila tukisimulia makosa ya wengine, na letu tulitaje.

Somo la 1929 halikueleweka upesi. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Mau Mau, wazee wa Njuri Ncheke wa Meru walipiga marufuku tohara ya wasichana, serikali ya kikoloni ikiwa nyuma yao. Sasa amri ilitoka kinywani mwa wazee wenyeji, lakini hata wao hawakuwauliza wanawake. Wasichana wakafanya jambo la kushangaza. Walikwenda porini makundi makundi, wakakatana wao kwa wao kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Kwa muda wa miaka mitatu hivi watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa mahakamani. Ndugu wasomaji, fikirini: watoto wa kike wajikata kwa nyembe ili wasikose kuitwa wanawake! Hapo twaona kuwa amri peke yake haiushindi moyo wa mtu.

Twajiuliza: Iliwezekanaje akina mama wenyewe wasiione hatari, nao ndio waliozaa? Jibu si gumu. Katika kijiji ambamo kila mwanamke amekatwa, hakuna wa kumlinganisha naye. Ikiwa wote huchelewa kuzaa, kuchelewa huonekana kuwa ndiyo desturi ya uzazi. Ikiwa wote hupasuka, kupasuka huonekana kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Na mtoto akizaliwa mfu, watu hutafuta mkosaji. Mara mama amerogwa, mara amezini na anaficha jina la mwanamume. Hata huku kwetu, ambako hakuna tohara, nani hajapata kusikia mwanamke aliyekawia katika uchungu akilazimishwa kuungama dhambi asizozitenda, badala ya kubebwa upesi kwenda maternite? Kovu liko mbele ya macho, lakini haliulizwi.

Ili kovu liulizwe, ilihitajika kulinganisha. Kazi hiyo ilifanywa na Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2001 na 2003, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Wanawake 28,393 walifuatwa katika vituo 28 vya uzazi, katika nchi sita za Afrika: Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Sudani. Wengine walikuwa wamekatwa, wengine hawakukatwa, na wote waliandikwa kwa utaratibu mmoja.

Na tutazame yaliyopatikana. Kwa wanawake wa aina ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, isiyoweza kuthibitishwa. Kwa aina ya pili na ya tatu tofauti ilikuwa dhahiri, na kadiri ukataji ulivyokuwa mkali ndivyo hatari ilivyozidi. Mama wa aina ya tatu, akilinganishwa na yule asiyekatwa, alikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 31 ya kupasuliwa tumbo ili azae. Hatari ya kupoteza nusu lita ya damu au zaidi ilizidi kwa asilimia 69. Hatari ya mtoto wake kuhitaji msaada ili apumue ilizidi kwa asilimia 66. Na hatari ya mtoto kufa, tumboni au mara baada ya kuzaliwa, ilizidi kwa asilimia 55. Kwa aina ya pili hatari hiyo ya kifo cha mtoto ilizidi kwa asilimia 32. Wataalamu walihesabu kuwa katika nchi hizo ukeketaji huongeza kifo cha mtoto mmoja au wawili katika kila uzazi mia.

Mtu aweza kusema: Mmoja katika mia si wengi. Lakini hesabuni ubatizo wa parokia yenu kwa mwaka mmoja. Katika kila mia, ondoeni jina moja au mawili. Hao ni watoto waliotimiza miezi tisa wakiwa wazima. Tena kumbukeni kuwa wanawake waliohesabiwa walizalia mahali penye wauguzi na dawa. Mwanamke azaaye nyumbani, mbali na barabara, usiku wa mvua, hana mtu wa kumfungua wala wa kumwongezea damu.

Sasa tuje kwa jirani zetu wa Uganda, maana huko tunajifunza jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Wasabiny wakaa Kapchorwa, kwenye mlima Elgon, na walikuwa na desturi ya kuwakata wasichana mwezi wa Desemba, kila baada ya miaka miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baraza la wilaya liliamua hata kuwalazimisha wanawake wote. Mwalimu mmoja wa kike, Jane Kuka, alilipinga jambo hilo waziwazi, na azimio likaondolewa. Lakini yeye na wenzake hawakuishia hapo. Mwaka 1992 wazee wa Kisabiny waliunda chama chao cha kulinda mila njema. Wakakaa, wakatenga mila ijengayo na mila iuayo. Toka mwaka 1996, wakisaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na watu na uzazi, walianzisha siku ya utamaduni: ngoma, hadithi, mafundisho ya wazee na zawadi kwa wasichana, pasipo kisu. Mwaka 1998 chama hicho cha wazee kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ndipo mwaka 2010 ilipokuja sheria ya nchi ya kukataza ukeketaji. Angalieni mpangilio: kwanza watu walizungumza, kisha sheria ikaja.

Katika Kenya pia, Agosti 1996, akina mama wa Tharaka, katika nchi ileile ya Meru, walianzisha njia waliyoiita tohara ya maneno. Wasichana hufungiwa ndani siku kadhaa, hufundishwa mwili wao, heshima na wajibu wa mtu mzima, kisha hutoka kwa furaha mbele ya wazazi, nao hawakukatwa. Miaka 40 tu ilikuwa imepita tangu Ngaitana. Wajukuu wa wale waliojikata porini sasa walipokelewa kuwa wanawake kwa neno. Mwaka 2011 Kenya ilitoa sheria kali, na mwaka 2021 Mahakama Kuu iliikataa kesi ya daktari mmoja aliyetaka sheria hiyo ifutwe. Hesabu za serikali zaonyesha mabadiliko: mwaka 1998 wanawake 38 katika kila mia wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekatwa, mwaka 2022 walikuwa 15. Katika Tanzania waliokuwa 18 katika mia mwaka 1996 walibaki 8 mwaka 2022.

Na huko Tanzania Kanisa letu halikunyamaza tena. Katika nchi ya Wakuria, wilaya ya Tarime, Jimbo la Musoma, kituo cha Masanga hupokea wasichana wanaokimbia kisu cha Desemba. Masista na wasaidizi wao huwalisha, huwafundisha, kisha huzungumza na wazazi mpaka mtoto aweze kurudi nyumbani salama. Hiyo ndiyo kazi iliyokosekana mwaka 1929: si amri ya kufukuza, wala si kunyamaza, bali mlango ulio wazi na maneno ya subira. Baba Mtakatifu Fransisko naye aliutaja ukeketaji kuwa jambo la kulaumiwa katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 2016. Tena tarehe 6 Februari 2022, mbele ya waamini uwanjani Roma, alisema kwamba waondoa heshima ya mwanamke na kuuharibu mwili wake.

Turudi kwetu Kongo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kudhulumu miili ya watu inakataza pia kukata viungo vya uzazi. Adhabu yake ni kifungo cha miaka miwili hadi mitano pamoja na faini, na mtu akifa, ni kifungo cha maisha. Lakini tumekwisha kuona kuwa sheria pekee haitoshi. Basi sisi tufanye nini?

Kwanza, akiwapo kati yetu mama aliyekatwa katika nchi ya kwao, asichekwe wala asinong'onezwe. Hakuchagua, alikuwa mtoto. Anapopata mimba, aende maternite mapema, amwambie mkunga pasipo haya, ili wajiandae. Aliyeshonwa aweza kufunguliwa kabla ya kuzaa au saa ya kuzaa, na akiisha kuzaa asishonwe tena kama awali. Mume wake na asimame upande wake.

Pili, tusidanganywe na wanaosema kuwa akikata muuguzi kwa wembe safi hakuna neno. Wembe safi hupunguza usaha. Haupunguzi kovu, na kovu ndilo limzuialo mtoto.

Tatu, na hili ni letu sote, tuache kumlaumu mwanamke anayeteseka katika uzazi. Uchungu ukipita kiasi, tusiitishe baraza la kutafuta mchawi. Tutafute machela. Wazee wa shirika waweke tayari watu wa kubeba na fedha kidogo ya safari, maana mauti hayangoji mkutano. Na mtoto akifa, wakunga na wauguzi waulizwe kwa upole: Sababu ilikuwa nini? Yaandikwe, ili mama mwingine aokoke.

Tumesimulia habari za mbali, za Wagikuyu, Wameru na Wasabiny, lakini wao si watu wabaya kuliko sisi. Waliwapenda binti zao, wakawakata kwa sababu ya mapendo yaleyale, wakitaka wawe wanawake kamili na wapate kuolewa. Na walipopata watu wa kukaa nao na kuongea nao kwa heshima, wengi wao waliweka kisu chini kwa mikono yao wenyewe. Bikira Maria, aliyemzaa Mwanawe mbali na kwao, awaombee akina mama wote walioko katika uchungu usiku huu, wa Tarime, wa Kapchorwa na wa Rumangabo.